Mafuta ya CBD ya laki na themanini, madaktari wawili na bimkubwa wangu: maoni yangu

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aende zake. Mafuta nyota moja. Daktari wa kwanza nyota moja na nusu, hiyo nusu ni kwa sababu dripu za kemo alizipanga vizuri tu. Daktari wa pili nyota nne, angebeba zote tano kama sio watu wa mapokezi, nitafika huko. Majina ya hospitali na ya duka siweki, msinisumbue inbox, humu nimeandika mambo ya bangi na sitaki dada wa watu aliyetusaidia aanze kuulizwa maswali kazini kwake.

Bimkubwa ana miaka 61, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kule Temeke, tangu mwaka jana anakaa na mimi hapa Sinza baada ya kukutwa na kansa ya titi. Akafanyiwa upasuaji, akapangiwa kemo mizunguko sita, kila baada ya siku 21. Mzunguko wa kwanza ukaja na zawadi yake, mguu wa kushoto ukavimba mpaka ukawa kama sio wake, kwenda kupimwa kumbe damu imeganda kwenye mshipa, basi akaanzishiwa warfarini. Kwa asiyeijua, hii ni dawa ya kuzuia damu isigande na ina masharti kuliko mama mkwe, kuna kipimo kinaitwa INR inabidi upime kila mara, kwa mtu kama yeye inatakiwa icheze kati ya 2 na 3, ikishuka hapo damu inaweza kuganda tena, ikipanda sana anaweza kuvuja damu hata ndani kwa ndani na usijue. Hiyo INR msiisahau.

Ila mguu haukuwa ndo tatizo lililotunyima usingizi. Tatizo ni kutapika. Yaani siku ya dripu yenyewe anarudi fresh, kesho yake saa kumi alfajiri nasikia ndoo. Tulikuwa na ndoo ya bluu ya lita kumi ikawa kama mwanafamilia, inahama nae sebuleni, inahama nae chumbani. Jirani akikaanga vitunguu tu, kwisha. Akawa hali, uji anaunusa anausukuma, kilo zinapukutika, na vile vidonge vya kichefuchefu alivyopewa anavitapika kabla hata havijafika tumboni. Mimi kila mtu aliyeniambia jaribu hiki nilijaribu, tangawizi, limao, maji ya barafu, anko wangu wa Mbagala nae akaleta ya kwake eti tumchemshie cha Arusha (bangi hiyo) kidogo kwenye chai, "zamani wazee walikuwa wanatumia". Nikamcheka.

Wiki haijaisha kaka yangu aliyeko Johannesburg akapiga, na huyu ndo alinimaliza maana anaongea kwa utaratibu kama mtu wa bima. Kwamba dada, huko unakoishi mnachelewa, huku mahakama ya katiba tangu 2018 imesema mtu mzima akitumia bangi kwake faragha sio kosa, wagonjwa wa kansa wanatumia mafuta, sio kuvuta, ni matone chini ya ulimi, inaitwa CBD, ni kitu kinachotolewa kwenye bangi ila hailewi. Akanitumia na link ya duka la Insta la hapa hapa Dar. Nikasema sawa, kama hailewi na ni matone tu, tatizo liko wapi.

Duka lenyewe halina mlango, ni akaunti tu. Picha kali, majani ya kijani, mikono ya kizungu inashika chupa, shuhuda za watu zimefunikwa majina. Nikaandika DM, dada (au kaka, hata leo sijui) akajibu ndani ya dakika mbili, "Pole sana dia kwa mama, mzigo upo, laki na themanini, unalipia kabla." Nikauliza mgonjwa yuko kwenye kemo na anatumia dawa zingine, je kuna shida? Akajibu, "Hapana dia ni natural." Hilo ndo lilikuwa swali pekee la kitabibu katika biashara nzima, na nililiuliza mimi. Yeye hakuuliza mama ana umri gani, ana presha, ana nini. Pesa ikaenda, boda akaleta kwenye mfuko mweusi pale kituoni Sinza Kijiweni akaondoka bila hata kuzima pikipiki.

Sasa chupa. Chupa ya kahawia ya mililita 30 yenye kile kidondoshea cha mpira. Lebo imeandikwa 1000 mg na chini yake THC (kile cha kwenye bangi kinacholewesha) sifuri asilimia. Hakuna namba ya toleo, hakuna tarehe ya kuisha muda, hakuna jina la kiwanda wala nchi, hakuna alama yoyote ya TMDA, wale wa serikali wanaokagua dawa. Nikaisugua kwa kidole chenye mafuta kidogo, wino ukatoka, ile ni printa ya steshenari ya mtaani jamani, hata panadol ya dukani kwa Mangi ina lebo ya maana zaidi. Niliona yote hayo na bado nikampa. Mtu aliyekaa na ndoo ya bluu wiki tatu atanielewa.

Dozi ya muuzaji: matone kumi mara tatu kwa siku, "ukiona kimya ongeza". Bimkubwa alivyoambiwa ni nini alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Miaka thelathini nimewachapa watoto wa watu kwa jani hili, leo nalamba mimi." Akalamba.

Niwe mkweli, chupa ya kwanza haikuwa mbaya. Rangi kama asali, harufu ya majani makavu kwa mbali. Alilala. Kutapika kulipungua kidogo, au niseme alitapika asubuhi lakini mchana aliweza kula ndizi mbivu na maziwa mtindi. Ni mafuta au ni zile siku za katikati ya mzunguko ambazo huwa anapata nafuu hata bila kitu? Sijui na wala siwezi kujua, ila wakati ule nilishaamua ni mafuta, nikampigia kaka kumshukuru, nikawa na mimi mtaalamu naanza kushauri watu kwenye grupu la ukoo.

Kwa furaha hiyo hiyo tukaenda kliniki ya kemo, mzunguko wa tatu, nikamwambia daktari. Nikasema dokta, kuna mafuta ya CBD tumempa mama naona yanamsaidia, je ni sawa na hizi dawa zake?

Aisee. Yule baba alivua miwani. "Mnamlisha mgonjwa bangi? Halafu mnakuja kuniambia mimi? Mnajua naweza kuita polisi?" Mlango ulikuwa wazi, kwenye benchi nje kuna watu kama ishirini. Bimkubwa aliinamisha kichwa, mwalimu mkuu msaidizi mstaafu, anafokewa kama darasa la nne. Hakuuliza ni matone mangapi, hakuuliza tangu lini, hakuandika kitu kwenye faili, akasema tu acheni ujinga akaita "anayefuata". Mimi namwelewa upande mmoja, sheria ni sheria na ana leseni yake ya kulinda. Lakini oneni kilichotokea baada ya hapo, hatukuacha mafuta, tuliacha kumwambia ukweli. Wiki iliyofuata tulivyoenda nesi akauliza kuna dawa nyingine anatumia, bimkubwa akaniwahi kujibu: "Hakuna."

Matone thelathini kwa siku, chupa inaisha siku ya ishirini. Nikaagiza ya pili, kuna ofa, laki na nusu. Jina lile lile, lebo ile ile, 1000 mg zile zile. Nafungua, rangi kijani ya kisamvu, na harufu, nyie, harufu ya nyuma ya choo cha wavulana shuleni. Nikamuuliza muuzaji akasema hiyo ndo orijino zaidi dia.

Jioni ya kwanza akalamba kumi, baada ya nusu saa anasema sisikii kitu, tukaongeza tano. Kosa hilo, nimekuja kuelezwa baadaye kwamba ukimeza kitu cha namna hii kinaweza kuchukua nusu saa mpaka masaa mawili kupanda, sio kama mvutaji anayesikia ndani ya dakika chache, na kikishapanda kinakaa masaa. Saa tatu usiku bimkubwa anacheka peke yake. Saa nne anaongea na marehemu mama mkubwa, anamwambia aingie ndani asinyeshewe, na mvua hakuna. Moyo unaenda mbio nausikia kwa kushika mkono, mdomo umekauka, kusimama aende chooni akayumba, kidogo aangukie kona ya meza. Mwanangu wa miaka sita anaangalia tu, "Mama, bibi amekuwaje?" Usiku ule sikulala. Muuzaji aliniambia sumu inatoka mwilini, ni detoksi. THC sifuri asilimia hiyo.

Ungedhani tuliacha siku hiyo. Tulipunguza, matone matatu matatu. Siku kama ya tisa naona mikononi mwake madoa ya zambarau, nikadhani ni pale wanapotoboa sindano. Halafu asubuhi anapiga mswaki povu linatoka jekundu.

Jirani yangu ni nesi, alivyoona ile mikono hakusema sana, alisema tu msisubiri siku ya kliniki, akatuelekeza hospitali moja binafsi upande wa Upanga, kwa daktari mmoja dada wa makamo anayeshughulika na wagonjwa wa maumivu na hawa wa kansa. "Na mbebe dawa zote. Zote, umenisikia?"

Hapo ndo naanza kuandika kuhusu nyota nne.

Kuingia tu, daktari kasimama. "Shikamoo mama." Kamkalisha, kaenda kufunga mlango mwenyewe, akakaa upande wetu wa meza. Akamshika mikono akaangalia yale madoa, akaangalia fizi kwa tochi ya simu, akatuma damu maabara kabla hata ya stori. Halafu akachukua ule mfuko wa rambo nilioweka dawa akaumwaga mezani wote, akawa anapanga moja moja kama mtu anayepanga karata. Warfarini. Za kichefuchefu. Za presha. Alipomaliza akasema, namnukuu karibu neno kwa neno maana liliniingia: "Mama, hizi ni za hospitali. Sasa niambie za dukani, za mganga, za mtandaoni, za kupewa na jirani. Mimi sina fimbo. Tunachoongea hapa kinabaki hapa."

Bimkubwa akaniangalia. Mimi nikaangalia feni. Kimya kama cha dakika nzima. Halafu yeye mwenyewe akafungua pochi yake, kumbe alibeba ile chupa ya kijani kaifunga kwenye leso, akaiweka mezani.

Daktari hakushtuka. Akaifungua akainusa, akasoma lebo, akatoa kalamu. Maswali aliyouliza nayaandika hapa kwa kirefu maana ndo huduma niliyolipia: matone mangapi, mara ngapi, tangu tarehe gani, chupa ya kwanza na ya pili zimetofautianaje, alijisikiaje saa ya kwanza na saa ya tatu. Moyo umewahi kusumbua? Kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kuugua akili? (Kumbe THC inaweza kuamsha huo ugonjwa kwa mwenye asili nao, na vijana ndo hatari zaidi.) Ini limepimwa lini? Ameanguka? Usiku nani analala nae? Chupa mnaweka wapi? Nikajibu kwenye friji, mlangoni, pembeni ya yogati za mtoto. Hapo ndo aliniangalia vibaya mara ya kwanza na ya mwisho, na alikuwa na haki.

"Na kingine?" Bimkubwa akakumbuka, wiki iliyopita tumbo lilimsumbua akatuma dogo duka la dawa akaletewa flajili, kameza siku tano. Mimi hata sikujua. Daktari akaandika na hiyo, akaipigia mstari mara mbili.

Majibu ya damu yakarudi, INR 6.1.

Alivyoeleza ni hivi, na nilipenda kwamba hakutafuta mchawi mmoja. Warfarini inavunjwavunjwa na ini, CBD inalishughulisha ini hilo hilo kwenye njia ile ile, kwa hiyo warfarini inakaa kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa, hilo linajulikana na limeshaonekana kwa wagonjwa. Flajili nayo inafanya hivyo hivyo, na hiyo ndo maarufu kabisa kwa mchezo huu. Juu yake mama hali, mtu asiyekula mboga vitamini K inapungua nayo INR inapanda. "Siwezi kuyatundika yote kwenye mafuta," akasema, "ila hayo mafuta yangejulikana mapema, INR tungeipima mara mbili kwa wiki na tusingefika hapa." Akasimamisha warfarini kwa muda, akampa vitamini K ya kunywa, akamlaza kwa uangalizi usiku mmoja, kesho yake kupima tena imeshuka. Tafadhali mtu asije akasoma hapa akajisimamishia warfarini nyumbani, damu ikiganda ikapanda kwenye mapafu hakuna wa kukusaidia.

Mimi kwa ubishi wangu (na laki tatu na thelathini zinaniuma) nikamwambia lakini dokta, si wenzetu wanatumia, hii si dawa kabisa huko nje? Nilitegemea mhadhara wa maadili. Akacheka akasema kaka yako hajakudanganya, kakupa nusu. Akageuza karatasi ya maabara akaanza kuchora.

Kwamba Marekani mwaka 1985 waliruhusu dawa mbili za vidonge zinazofanana na THC, dronabino na nabiloni, kwa kutapika kwa kemo pale dawa za kawaida zikishindwa. Kwa hiyo kichefuchefu na bangi sio stori za vijiweni. CBD yenyewe safi ipo kama dawa ya maji inaitwa Epidiolex, iliruhusiwa huko 2018 lakini ni kwa aina fulani nadra za kifafa cha watoto, sio kansa, sio kichefuchefu. Na pale dozi inahesabiwa kwa kilo, mtoto wa kilo 20 anaanza na miligramu 100 kwa siku na kupandishwa 200, huku ini linapimwa na dawa zingine za kifafa zinaangaliwa kwa jicho kali, maana ikikutana na valproeti vimeng'enya vya ini vinaweza kupanda na ikikutana na klobazamu mtoto analala kupita kiasi. Uingereza wameruhusu bidhaa za bangi za hospitali tangu Novemba 2018 lakini anayeanzisha ni daktari bingwa, sio kila daktari wa kituo. Yaani huko "inaporuhusiwa" ndo kuna masharti, sisi tunaona picha ya jani tu.

Halafu akanipigia hesabu ya chupa yangu. Miligramu 1000 kwenye mililita 30, mililita moja ni kama matone 20, jumla matone 600, tone moja miligramu moja na nusu na kidogo. Matone 30 kwa siku ni kama miligramu 50. "Kwa hiyo kama lebo inasema kweli, ulikuwa unampa mtu mzima wa kilo 60 nusu ya anachoanzia mtoto wa kilo 20. Na kama lebo inasema kweli, haina THC na mama asingemwona marehemu." Akaniachia hapo hapo nimalizie mwenyewe. Nimekuja kusoma baadaye, 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipima, zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo ni 26 tu, na 18 zilikutwa na THC. Huko ni Marekani. Sasa ya kwangu ya boda na mfuko mweusi?

Kuhusu sheria alikuwa mfupi. Hapa kwetu bangi ni kosa, kulima, kuuza, kukutwa nayo, haijalishi iko kwenye chupa nzuri, na yeye hawezi kukuandikia uende famasi wala kukuelekeza pa kuinunua. "Ila kukuuliza kama unatumia sio kosa, ndo kazi yangu. Nisipouliza natibu mgonjwa nusu." Kuna watu huku mtandaoni wanasema eti Umoja wa Mataifa walishahalalisha, hapana, Desemba 2020 walipiga kura kuitoa bangi kwenye jedwali la nne la ule mkataba wa dawa za kulevya wa 1961, lile la vitu hatari visivyo na faida ya maana kwa tiba, lakini ikabaki kwenye jedwali la kwanza na udhibiti wake wote, na kila nchi ina sheria yake. Msiende kujitetea na hiyo polisi.

Kilichonishangaza zaidi, akasema kuna watumiaji wa muda mrefu bangi yenyewe ndo inawatapisha, wanatapika mfululizo na nafuu wanaipata wakioga maji ya moto. Nikamuwaza anko wa Mbagala.

Basi, akabadilisha dawa za kichefuchefu. Za kuchoma kabla ya dripu zikabaki, akapanga upya deksamethasoni, na usiku akaongeza kidonge kinaitwa olanzapini, kidogo tu, miligramu 5, siku ya dripu na siku tatu zinazofuata. Nenda famasi sasa. Kijana wa famasi anasoma cheti kwa sauti, "Mama hii si dawa ya wagonjwa wa akili?" Bimkubwa kageuka kaniangalia na lile jicho lake la ubaoni: "Yaani mmenipa bangi, nikaona marehemu, sasa mnanipa dawa ya vichaa." Ikabidi tumpigie daktari pale pale, akamuelezea kwa simu kwamba ndiyo ni ya huko ila inazuia sana kutapika kwa kemo, na inalewesha usingizi kwa hiyo anywe akiwa karibu na kitanda na mtu amshike akiamka usiku. Vidonge vyote vinne sikumbuki kama vilifika elfu kumi. Na mimi nimeteketeza laki tatu na thelathini na nauli za boda.

Kwa maumivu ya usiku alitueleza habari ya mofini ya maji, ile inayotengenezwa kutoka unga pale hospitali ya kansa ya Ocean Road, kwamba ni halali, inatolewa kwa cheti, na watu wanaiogopa bure. Akatupa na ya kulainisha choo maana mofini inafunga. Mboga za majani akasema ale, ila ale kwa kiasi kile kile kila wiki, sio leo bakuli la mchicha halafu siku kumi hamna.

Sasa nyota iliyokatwa. Mapokezi. Tumefika saa tatu asubuhi tumemuona daktari saa sita na robo, na mgonjwa anavuja fizi, nilivyouliza naambiwa "mfumo uko chini". Bima ikalipa vipimo ila kumuona daktari tukaongeza elfu ishirini taslimu, hakuna aliyetuambia mapema. Hayo ningesamehe. Siku ya pili tunarudi kuchukua majibu, dada wa kaunta anaita mbele ya watu wote, "Nani wale wa mama wa mafuta ya bangi?" Jamani! Daktari kafunga mlango mwenyewe, kakaa upande wetu, katubembeleza mpaka bimkubwa kafungua pochi, halafu kaunta wanatangaza kama mnada wa Karume. Nilimwambia daktari, alikasirika kweli, akaniomba radhi yeye, sijui kama yule dada aliambiwa kitu. Kwangu hiyo ni nyota nzima, maana mgonjwa akishaaibishwa pale nje, ndani atasema "hakuna", kama sisi.

Chupa ya kijani niliimwaga kwenye sinki na maji mengi. Bimkubwa alisimama mlangoni, "Laki na nusu hiyo inaenda baharini."

Mzunguko wa nne umepita wiki jana. Kichefuchefu kilikuwepo, sidanganyi, siku ya pili alikataa kila kitu hadi jioni, lakini ndoo haikutumika hata mara moja na siku ya tatu aliomba mwenyewe supu ya ndizi. INR ya juzi 2.4. Analala sana asubuhi kwa sababu ya kile kidonge, nikimwamsha anasema mwacheni kichaa apumzike. Muuzaji kaandika tena jana, "Mambo dia, mama anaendeleaje? Kuna mzigo mpya, kwako laki na ishirini." Bimkubwa kaniambia nimuulize lebo ya sasa hivi kachapisha steshenari gani.

Kwa atakayepata namna ya kufika kwa yule daktari kupitia manesi wake: yupo Jumanne na Alhamisi, mfike saa moja na nusu muwahi namba, mbebe dawa zote kwenye mfuko mmoja mpaka zile mnazoona aibu, pesa taslimu kidogo, na sweta ya mgonjwa, AC ya pale benchini sio ya kibinadamu.